Riwaya ya Kiajemi na Matbaa za Ughaibuni

Mwaka 1905 kulitoka mjini Calcutta kitabu cha Kiajemi chenye jina la mtu ambaye hakukiandika. Kilikuwa tafsiri ya Hajji Baba of Ispahan, riwaya ya kejeli ambayo James Morier, mwanadiplomasia Mwingereza aliyewahi kutumikia Tehran, aliitoa London mwaka 1824. Mhariri wa chapa ya Calcutta, D. C. Phillott, alitangaza kwamba mfasiri ni Sheikh Ahmad Ruhi wa Kerman. Ruhi alikuwa mwanamageuzi aliyeuawa na serikali mwaka 1896, basi hapakuwa na wa kukana. Wasomi waliipokea kauli hiyo, wakairithisha kwa wanafunzi wao. Baadaye sana Mojtaba Minovi, mtafiti Mwirani, alikuta Istanbul mswada wa tafsiri ileile, umeandikwa kwa mkono wa Mirza Habib wa Isfahan, mshairi aliyekimbilia dola ya Ottoman na kufia huko. Haki ikarudi kwa mwenyewe.

Kisa hiki kinaeleza ugumu wa kuitafiti bunilizi ya Kiajemi. Kitabu kimeandikwa na Mwingereza, kimefasiriwa Uturuki kupitia nakala ya Kifaransa, kimechapwa India, na bado wanahistoria wanakihesabu miongoni mwa misingi ya nathari mpya ya Iran. Na wanastahili kukihesabu, kwa sababu Mirza Habib aliyaleta kwenye karatasi maneno ya sokoni, matusi na mizaha ambayo makatibu wa kasri wasingethubutu kuyaandika.

Kwa muda mrefu wataalamu hawakuona haja ya kujisumbua na nathari. Edward Browne wa Cambridge, ambaye juzuu zake nne za historia ya fasihi ya Uajemi zilitoka kati ya mwaka 1902 na 1924, aliwapa washairi sehemu kubwa ya kazi hiyo, na riwaya akaipa kurasa chache tu katika juzuu ya mwisho. Simlaumu sana. Waajemi wenyewe waliamini kwamba fasihi ni Ferdowsi, Saadi, Hafez na Rumi, na kwamba hadithi ni za kupitishia usiku. Sisi tuliolelewa kwenye tendi za Kiswahili za pwani tunaujua mtazamo huo.

Lakini hadithi zilikuwepo tangu kale. Al-Masudi, yule msafiri aliyeabiri kutoka Qanbalu kwenye pwani yetu kuelekea Oman mwaka 916, ameandika pia juu ya Hezar Afsan, mkusanyo wa ngano za Kiajemi unaohusishwa na chimbuko la Alfu Lela u Lela. Kuna pia Samak-e Ayyar, simulizi ndefu ya nathari ya karne ya 12 kuhusu shujaa wa mitaani, mwizi mwenye murua. Mswada wake ulikaa Oxford, katika maktaba ya Bodleian, hadi Parviz Natel Khanlari alipouhariri na kuuchapisha Tehran katikati ya karne ya 20. Kazi ya Khanlari inawapa shida wanaodai kwamba Waajemi walifunzwa kusimulia na Wazungu. Walichochukua Ulaya ni umbo la riwaya na la hadithi fupi; ufundi wa kusimulia walikuwa nao.

Hadithi fupi ya kisasa ilianzia Berlin. Mohammad-Ali Jamalzadeh, mtoto wa mhubiri wa Isfahan aliyeuawa mwaka 1908 kwa kuunga mkono katiba, alikuwa akiandikia gazeti la Kaveh lililoendeshwa na Wairani waliohamia Ujerumani. Mwaka 1921 alitoa Yeki Bud Yeki Nabud, hadithi sita zenye dibaji inayodai kwamba mwandishi aandike kama watu wanavyosema. Katika hadithi ya kwanza, mwanakijiji Ramazan anafungiwa kwenye mahabusu ya forodha bandarini Anzali pamoja na sheikh anayemwaga Kiarabu na kijana aliyerudi Ulaya anayemwaga Kifaransa. Ramazan haelewi neno, na anakaribia kuamini wenzake wamepagawa na majini. Jamalzadeh mwenyewe aliishi nje karibu maisha yake yote, akafia Geneva mwaka 1997.

Sadeq Hedayat ndiye aliyewapa wahakiki kazi nyingi kuliko wote. Mwaka 1936 alikwenda Bombay, ambako alijifunza Kipahlavi, lugha ya kale ya Uajemi, kwa wanazuoni wa Kiparsi, na huko akaitoa riwaya yake Buf-e Kur, yaani Bundi Kipofu. Aliiandika kwa mkono, akairudufu nakala hamsini hivi, na kuweka onyo kwamba haiuzwi Iran. Sababu ilikuwa udhibiti wa Reza Shah. Riwaya ilitokea katika gazeti la Tehran baada tu ya mfalme huyo kung'olewa mwaka 1941. Hedayat alijiua Paris mwaka 1951, na tafsiri ya Kifaransa ya Roger Lescot ikatoka mwaka 1953.

Tangu hapo vita vya kalamu havijaisha. Manoutchehr Mohandessi alionyesha jinsi baadhi ya sehemu zinavyofanana na maandishi ya mshairi Rilke. Iraj Bashiri akafuata nyayo za Kibudha na za India. Mwaka 1990 Michael Beard akatoa kitabu kizima kinachoisoma Buf-e Kur kama riwaya ya Kimagharibi, na mwaka uliofuata Homa Katouzian akaja na wasifu unaomrudisha Hedayat katika Iran ya zama zake, pamoja na siasa na nasaba yake. Kwangu Katouzian ana uzito zaidi. Kuorodhesha vitabu alivyosoma mwandishi hakujaeleza bado kwa nini aliandika.

Kuhusu wanawake, utafiti ulichelewa, ingawa vitabu vilikuwepo. Simin Daneshvar alitoa mkusanyo wa hadithi fupi mwaka 1948, wa kwanza kwa mwanamke wa Iran. Mwaka 1969 akatoa Savushun, riwaya ya Shiraz chini ya majeshi ya Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliyosomwa mno.

Msomaji wa pwani atapenda kumfahamu Gholamhossein Saedi, daktari wa magonjwa ya akili aliyezunguka vijiji vya kusini mwa Iran. Mwaka 1966 alichapisha Ahl-e Hava, uchunguzi wa ngoma za zar kwenye ufuo wa Ghuba, ambako waganga wengi ni watu weusi na pepo kadhaa husemekana wametoka Afrika. Miaka miwili baadaye akatoa Tars va Larz, hadithi za vijiji vya bahari zilizojaa hofu ileile. Mhakiki asiyejua uganga wa pepo atapitwa na mengi humo. Mtu wa Pemba au Lamu ataona jambo analolijua.

Nyumbani Iran, kazi kubwa ya kuyakusanya haya ilifanywa na Hassan Mirabedini katika juzuu za Sad Sal Dastan-nevisi-ye Iran, yaani miaka mia ya uandishi wa hadithi. Kabla yake, Hassan Kamshad alikuwa ametoa muhtasari Cambridge mwaka 1966. Kamshad ni mwepesi kusomeka, lakini wa kutegemewa ni Mirabedini, kwa sababu aliwapa nafasi hata waandishi wadogo waliosahauliwa. Hata hivyo kuna vitabu ambavyo hangevipata vimechapwa katika maktaba yoyote ya Tehran. Mahmoud Dowlatabadi, mwandishi wa Kelidar yenye juzuu kumi, aliandika katika miaka ya 1980 riwaya kuhusu kanali mzee na watoto wake walioangamizwa na mapinduzi ya Iran. Kibali cha kuichapisha Iran hakikutolewa, na mwaka 2009 ikasomwa kwa mara ya kwanza kwa Kijerumani.