Wanawake wa Baharini: Nyakati Tunazozipenda Katika Safari za Mama Zetu



Msimu wa harusi ukikaribia, suali moja hurudi sana hapa Paje: fungate tukaimalizie wapi? Zamani suali hilo halikuwepo. Bi harusi alikaa ndani siku saba, somo yake pembeni, chakula kikiletwa kwenye sinia na udi ukifukizwa asubuhi na jioni. Siku hizi fungate imetoka nje ya mlango. Wako wanaotaka boti ya kwenda Pemba, wako wanaotaka jahazi la jioni, na wako wanaozitazama zile meli kubwa za watalii zinazotia nanga mbele ya Mji Mkongwe, zenye ghorofa kama hoteli, wakatamani. Na kila bahari ikitajwa, hatokosekani wa kusema: hayo mambo ya wazungu, mwanamke wa Kiislamu na bahari wapi na wapi?

Sisi tunaona kinyume chake. Wanawake wa dini yetu na wa pwani yetu wamesafiri baharini tangu mwanzo. Tumechagua nyakati tunazozipenda katika safari hizo, pamoja na mbili tatu zisizopendeza, kwa sababu historia ya bahari haina upepo wa upande mmoja.

Asma, mwanamke wa jahazini

Tuanze mbali. Kabla ya Hijra ya Madina, Waislamu wa Makka walipoteswa, Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu wakimbilie Uhabeshi, upande huu wetu wa Afrika. Kundi la mwanzo lilivuka Bahari ya Shamu karibu mwaka 615, na ndani yake alikuwemo Bibi Ruqayya, binti wa Mtume, pamoja na mumewe Uthman bin Affan. Katika kundi lililofuata alikuwemo Asma binti Umays na mumewe Jaafar bin Abi Talib. Asma alikuwa mke kijana. Huko Uhabeshi alizaa watoto na kukaa ugenini zaidi ya miaka kumi, mpaka waliporudi kwa chombo mwaka wa 7 wa Hijra na kumkuta Mtume Khaybar.

Wakati tunaoupenda ni huu. Siku moja Asma alikuwa kwa Bibi Hafsa, akaingia Sayyidna Umar. Alipoambiwa ni nani, akamwita yule wa Uhabeshi, yule wa baharini, kisha akasema kuwa wao wa Madina wametangulia kuhama. Asma hakunyamaza. Alikasirika, akasema kuwa wao walikuwa nchi ya mbali wakiudhiwa na kuogopeshwa, na akaenda kumwuliza Mtume mwenyewe. Jawabu aliyopewa ni kuwa wenzao wana hijra moja, nao watu wa jahazi wana hijra mbili. Baada ya hapo wale aliosafiri nao wakawa wanamjia makundi kwa makundi, kila mmoja akitaka kuisikia habari hiyo kutoka kinywani mwake.

Kwa hiyo ukiitwa mtu wa baharini, usione haya. Jina hilo alilibeba mwanamke mtukufu.

Ummu Haram aliyeomba nafasi

Wa pili ni Ummu Haram binti Milhan, mama mdogo wa Anas bin Malik. Mtume alilala mchana nyumbani kwake, akaamka akicheka. Alipoulizwa, alieleza kuwa ameoneshwa watu wa umma wake wakipanda bahari kama wafalme juu ya viti vyao. Ummu Haram hakusema kuwa hayo ni ya wanaume. Aliomba aombewe awe miongoni mwao, na akaombewa.

Miaka ikapita. Mwaka wa 28 wa Hijra, karibu 649, alipanda chombo pamoja na mumewe Ubada bin Samit katika safari ya Muawiya ya kwenda Kupro. Alipokwishashuka nchi kavu, mnyama aliyempanda alimwangusha, akafariki. Kaburi lake linazuriwa hadi leo karibu na mji wa Larnaca, msikiti kando yake na ziwa la chumvi mbele yake. Alifanya safari ile akiwa na mumewe, na kwa nia aliyoiweka moyoni miaka mingi kabla ya kugusa maji.

Kamba za mama zetu

Turudi nyumbani. Watu wakisimulia vyombo vya pwani hii, huwataja manahodha, mafundi na wafanyabiashara. Hawamtaji aliyesokota kamba.

Mtepe, chombo cha kale cha Waswahili, haukupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka uliosukwa. Sasa muulize bibi yeyote wa Paje, Jambiani au Bwejuu kamba hutoka wapi. Makumbi huzikwa ufukweni, yakakaa miezi mingi mpaka yalainike, kisha wanawake huyafukua, huyaponda kwa rungu, hutoa nyuzi na kusokota juu ya paja. Kazi hiyo bado ipo vijijini kwetu. Mitepe imekwisha, lakini kila tunapomwona bibi amekaa kivulini na lundo la makumbi tunakumbuka kuwa mikono kama yake ndiyo iliyovishika vyombo visifumuke. Na tangu 1989, kilimo cha mwani kilipoanza upande huu wa mashariki, wanawake wa Paje wanaingia baharini kila maji yakitoka, vigingi na kamba mikononi. Bahari hii ni shamba letu kabla haijawa pwani ya watalii.

Bibi Salme na bahari ya Mtoni

Sayyida Salme, binti wa Sultan Said bin Sultan, alizaliwa 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini ya mji, ukutani mwa bahari. Katika kitabu cha kumbukumbu zake alichokichapisha kwa Kijerumani 1886, anatuonesha maisha ya watoto wa Mtoni na roshani ya duara iliyotazama maji, ambapo baba yake alipenda kukaa. Kwao baina ya kasri na kasri njia ya kawaida ilikuwa mashua. Kwa bi harusi anayedhani safari fupi ya baharini ni uzushi wa juzi, hapo pana jawabu.

Lakini bahari hiyo hiyo ilimtia majonzi. Mwaka 1854 Sultan Said alikwenda Oman. Kina mama na watoto wakahesabu misimu wakingojea arudi. Alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 akiwa chomboni, karibu na Shelisheli, na waliotazamia kupokea wakapokea msiba. Miaka kumi baadaye, Agosti 1866, Salme mwenyewe aliondoka Unguja usiku kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko aliolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na akaiacha dini aliyolelewa nayo. Yaliyo moyoni mwake tunamwachia Mola wake. Tunachokiona katika maandishi yake ni hamu ya nyumbani isiyokwisha, mpaka alipofariki Ujerumani 1924. Forodhani yako Makumbusho ya Kasri. Humo kiliwekwa chumba chake.

Waliopandishwa bila kuulizwa

Si kila mwanamke aliyepanda chombo alitaka kusafiri. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkasi aliyetekwa akiwa mtoto. Na maelfu ya wanawake na wasichana kutoka bara walivushwa mpaka Unguja kwa majahazi, wakauzwa sokoni. Tarehe 5 Juni 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kuwasafirisha watumwa baharini, na soko la mjini likafungwa. Utumwa wenyewe uliondolewa kisheria 1897, lakini masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Wanawake ndio waliongoja zaidi.

Tunaliandika hili katika makala ya fungate makusudi. Unapochagua safari kwa ridhaa yako, na mume uliyemkubali kwa ridhaa yako, ile ridhaa ni neema. Wako waliopita maji haya haya bila kuipata.

Meli ya kwenda Hija

Kabla ya ndege, Hija ya Mzanzibari ilikuwa safari ya bahari. Kwanza kwa majahazi yaliyofuata upepo wa kusi kwenda kaskazini, baadaye kwa meli za moshi. Kampuni ya British India ilianza kuleta meli za barua baina ya Aden na Zanzibar mwaka 1872, na njia ikawa fupi zaidi. Katika Bahari ya Shamu palikuwa na karantini katika kisiwa cha Kamaran, ambako kuanzia 1882 mahujaji waliotokea kusini waliteremshwa na kukaguliwa maradhi kabla ya kuruhusiwa kuendelea Jeddah. Wanaopita njia ya Yemen mikati yao ni Yalamlam, na chombo kikifika sambamba nayo, ihramu huvaliwa humo humo baharini.

Tunaupenda wakati ule wa kuaga. Anayekwenda alilipa madeni, akaandika wasia, akazunguka mtaa mzima kuomba radhi. Hata aliyekosana na wifi yake alikwenda kugonga mlango. Safari ilianza kwa kusafisha moyo, sanduku likafuata.

Siti binti Saad kwenda Bombay, 1928

Alizaliwa Fumba karibu 1880, akapewa jina la Mtumwa, jina lililobeba hali ya wazazi wake. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini akiviuza kwa sauti yake. Mjini ndiko alikojifunza kuimba kwa vyombo, na ndiko alikopata jina la Siti, yaani bibi wa heshima. Mwaka 1928 alipanda meli pamoja na wenzake wa taarabu kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya HMV. Aliimba Kiswahili, na sahani zile zikasikilizwa pwani yote.

Mfikirie mwanamke yule, mfinyanzi wa Fumba, amesimama sitahani, Unguja inazama nyuma yake. Baharini walipita wengi wa asili yake wakiwa bidhaa. Yeye alikwenda na kurudi na jina lake. Alifariki 1950, na Shaaban Robert akauandika wasifu wake.

Septemba 2011

Haifai kusifu bahari na kunyamazia hili. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imejaa kupita kiasi, na familia nzima nzima zikapotea. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Mwenyezi Mungu awarehemu wote, na waliofiwa awape subira. Wengi wetu tunamjua aliyefiwa.

Kwa sababu yao, shoga yetu, usione haya kukataa chombo. Kikiwa kimejaa, teremka. Mwulize nahodha jaketi za kuokolea ziko wapi, na uvae yako hata kama itakukunja baibui na kuharibu picha. Nafsi ni amana, na tawakkul haimzuii mtu kumfunga ngamia wake.

Kwa bi harusi wa mwaka huu

Haya, fungate. Huna haja ya mkopo wa meli ya ghorofa kumi. Deni lililoingia ndani ya ndoa changa ni mgeni asiyeaga. Kutoka Paje mnaweza kwenda Michamvi Kae, mkachukua jahazi kwenye Ghuba ya Chwaka, mkapita kwenye mikoko na kulitazama jua likitua majini. Kutoka mjini kuna Changuu, kisiwa kilichowahi kuwa karantini ya wasafiri, na makobe wake ambao asili yao ni Shelisheli. Chagua siku za maleleji, pepo zikipumzika baina ya kusi na kaskazi. Bahari hutulia, na tumbo la bi harusi pia.

Mkiwa chomboni, someni ile dua ya Nabii Nuh iliyomo katika Surat Hud, aya ya 41. Salini kwa kusimama mkiweza, na kwa kukaa mkihofia kuanguka. Juu ya kupunguza sala, mwulizeni mwanachuoni wenu kwa umbali wa safari yenu. Stara yako nenda nayo, haizuii kucheka wala kufurahi na mumeo. Kama pana nafasi, mchukulie mama mkwe zawadi ndogo, hata kama ni halua ya Wete.

Na mwenye kukuuliza mwanamke wa Kiislamu na bahari wapi na wapi, msimulie kisa cha Asma, polepole, mpaka mwisho.

Mwenyezi Mungu awabarikie ndoa zenu, na awarudishe salama kila mnapovuka. Amin.