Matumizi ya mbolea hai katika kilimo cha maharage mikoa ya Shinyanga na Geita

Mbolea hai ni mbolea yenye bakteria wanaousaidia mmea kupata virutubisho. Kwa maharage hutumika bakteria wa kundi la rizobia. Bakteria hao huingia katika mizizi na kusababisha vinundu, ambamo naitrojeni ya hewani hubadilishwa kuwa chakula cha mmea. Takribani asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia bila msaada huo. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kiliwahi kutengeneza mbolea ya aina hiyo, iliyoitwa Nitrosua.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, udongo wa kichanga wenye rutuba ndogo ni kikwazo kwa wakulima wengi, ilhali miji iliyo jirani na machimbo ya dhahabu, kama Kahama na Geita, huhitaji maharage mwaka mzima. Hata hivyo, mkulima anaweza kupoteza fedha zake endapo hatazingatia mambo matatu.

Kwanza, bakteria wawe wa zao husika. Pakiti ya maharage haifai kwa soya, choroko wala dengu zinazopandwa kwenye mbuga za Shinyanga mvua zinapoelekea ukingoni.

Pili, bakteria wawe hai. Pakiti ihifadhiwe mahali penye ubaridi, mbali na jua, na itumike kabla muda wake haujaisha. Mbegu hulowanishwa kidogo kwa maji ya sukari, huchanganywa na mbolea hiyo kivulini kwa kipimo kilichoelekezwa, kisha hupandwa siku hiyo hiyo katika udongo wenye unyevu.

Tatu, udongo uwe na fosforasi ya kutosha, kwa mfano kutokana na mbolea ya TSP au Minjingu. Urea nyingi hupunguza vinundu.

Maharage yanapoanza kutoa maua, mkulima ang'oe mashina machache kwa uangalifu na kupasua vinundu. Rangi nyekundu au ya waridi ndani yake huonesha kuwa bakteria wanafanya kazi. Inashauriwa pia kuacha mistari michache bila mbolea hai ili kulinganisha mavuno kabla ya kuitumia shamba zima.

Wakulima wanakumbushwa kununua mbolea iliyosajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA) na kupata ushauri kwa Afisa Ugani wa eneo lao.