Shaka, Ung'amuzi na Hiari: Kutoka kwa Laplace hadi Kichwamaji

Swali la hiari ya binadamu lina historia ndefu katika falsafa na teolojia. Makala hii inachunguza kipengele kimoja tu cha swali hilo, nacho ni nafasi ya shaka, yaani hali ya kutokuwa na hakika. Tunakusudia kuonyesha kwamba shaka yenyewe haimpi binadamu uhuru, lakini pasipo shaka hapana uamuzi. Na kwamba jambo hili lamhusu mhakiki wa riwaya ya Kiswahili.

Mwaka 1814, Mfaransa Pierre-Simon Laplace alieleza dhana ya akili kuu ambayo, lau ingejua mahali pa kila chembe ya ulimwengu na nguvu zote zinazoisukuma, isingekuwa na shaka juu ya lolote: yaliyopita na yajayo yangekuwa wazi mbele yake. Kwa mtazamo huu, shaka ni upungufu wa maarifa tu.

Mwaka 1927, Werner Heisenberg alibainisha kwamba mahali ilipo elektroni na momenta yake haviwezi kujulikana kwa pamoja kwa usahihi usio na mpaka. Wapo waliofurahi, wakidhani kwamba mlango wa hiari umefunguliwa. Furaha hiyo ilikuwa ya haraka. Elektroni iendayo kwa sadfa haichagui kitu, na mkono unaosukumwa na sadfa hauna uhuru zaidi ya mkono uliofungwa kamba. Kuiondoa lazima na kuitawaza bahati nasibu ni kubadilisha bwana tu.

Hoja yenye uzito zaidi ilikuwa imetangulia kutolewa na Max Planck mwaka 1923. Planck hakukana kwamba kila tendo lina kisababishi. Alisema tu kwamba mtu hawezi kuitumia kanuni hiyo kuyabashiri matendo yake mwenyewe yajayo, kwa kuwa ubashiri huo, pindi aujuapo, huwa sababu mpya inayoigusa hiari yake. Hapa shaka si kasoro ya elimu yetu. Ni sharti la kuwa na nafsi inayoamua.

Mjadala uliibuka upya mwaka 1983, pale Benjamin Libet na wenzake walipoonyesha kwamba ubongo huanza kujiandaa takriban nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, ilhali mtu husema alihisi nia ya kuusogeza kama sehemu ya tano ya sekunde kabla. Wengi walihitimisha kuwa ung'amuzi ni shahidi aliyechelewa kufika. Hata hivyo, mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walipendekeza kwamba maandalizi hayo yanaweza kuwa mawimbi ya sadfa ya ubongo yanayolimbikizana hadi kufikia kizingiti. Kwa maelezo haya, kupanda kwa mawimbi hayo si ithibati kwamba uamuzi umekwisha kupitishwa.

Je, haya yana maana gani katika uhakiki? Katika miaka ya 1970 na 1980, uhakiki wa Afrika Mashariki uliathiriwa sana na Umarx, na mhusika akaelezwa aghalabu kama zao la tabaka na mfumo wa uzalishaji. Mkabala huo ulitufaa sana. Hatari yake ni kumgeuza mhakiki kuwa ile akili kuu ya Laplace: yeye amekwisha kuusoma ukurasa wa mwisho, mhusika hajausoma.

Tuchukue Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi. Kazimoto anajiua. Tukiianza riwaya kutoka mwisho, kifo hicho chaonekana kama hesabu iliyokwisha kufanywa, ama na jamii ama na falsafa ya udhanaishi. Lakini Kazimoto alitaka kumlipizia kisasi Manase kwa yaliyompata Rukia, dada yake, kwa kumtumia Sabina, dada ya Manase. Kisha akamwoa Sabina huyo huyo. Kati ya kisasi na ndoa upo muda ambao yeye mwenyewe hajui atakuwa nani.

Tukiufuta muda huo, twabaki na mfano wa kuthibitishia nadharia, wala hatuna tena mtu wa kumlaumu au kumlilia. Kwa hiyo, mhakiki hana budi kueleza visababishi vyote anavyoviona, huku akimwachia mhusika haki ya kutojua.