Uzi wa Nuru wa Plastiki: Hararati na Mpindo

Fundi anayefanya kazi katika viwanda vya Masoro, wilayani Gasabo, katika eneo maalumu la uchumi la Kigali, hana budi kupambanua vitu viwili ambavyo aghalabu huitwa kwa jina moja la faiba. Cha kwanza ni uzi wa kioo, ufukiwao ardhini kuunganisha miji, ambao Watanzania wameuzoea ndani ya mkongo wa taifa. Cha pili ni uzi wa nuru wa plastiki, wenye kipenyo cha milimita 1 hivi, ambao katika mita moja tu hupoteza nuru kwa kadiri ambayo kioo bora huipoteza katika kilomita nzima, na kwa hiyo hutumika ndani ya mitambo na magari, kama ilivyokuwa katika BMW za mfululizo wa 7 tangu mwaka 2001.

Kiini cha uzi wa plastiki ni akriliki, nacho kimevikwa plastiki nyingine yenye florini. Nuru ikigonga mpaka wa hizo mbili kwa mlalo, hurudishwa ndani. Uzi ukipindwa, sehemu ya nuru huugonga mpaka huo kwa wima zaidi, ikapenya na kupotea. Ndiyo asili ya istilahi nusukipenyo cha mpindo, yaani nusukipenyo cha duara la mpindo, ambacho kwa uzi huu aghalabu hakipasi kupungua milimita 25. Na tuseme mpindo, wala si mkunjo, maana kilichopindwa huweza kunyooka, ilhali kilichokunjwa hubaki na alama.

Walakini hararati huiondoa tofauti hiyo. Hali ya hewa ya Kigali ni ya wastani, wala haiudhuru uzi. Hatari iko karibu na injini na tanuri, kwani uzi wa kawaida huvumilia hadi digrii 85 za sentigredi, na akriliki hulegea ikaribiapo 105. Hapo uzi husinyaa kwa urefu, kiini kikarudi nyuma ya kiungio, na mpindo uliokuwa wa muda ukawa wa daima. Kwa hiyo istilahi za hararati na mpindo zisitenganishwe: kipimo cha mpindo kisichotajwa pamoja na hararati yake hakimtoshi fundi.