Mabomu ya Warsaw na Wapolandi wa Kondoa

Ni nadra kukuta Kondoa ikitajwa katika vitabu vinavyosimulia kuangamizwa kwa Warsaw. Nao wanaosimulia historia ya Kondoa huruka mara nyingi kutoka vita vya Wajerumani na Makaburu vya 1916 hadi uhuru. Katikati ya hapo ipo miaka ambayo mji huu mdogo wa Warangi, kaskazini mwa Dodoma, ulikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Ulaya. Walikuwa Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto. Kuelewa walifikaje huku bara, lazima tuanzie siku mji wao mkuu ulipopigwa kutoka angani.

Ujerumani iliivamia Poland alfajiri ya Septemba 1, 1939, na siku hiyo hiyo ndege zake zikaanza kuishambulia Warsaw, mji wenye watu wapatao milioni 1.3. Septemba 17 kasri la kifalme lilishika moto. Meya Stefan Starzyński alizungumza redioni akiwatia moyo wananchi wasikate tamaa. Kisha ikaja Jumatatu ya Septemba 25. Ndege zipatazo 400 zilipishana juu ya mji huo. Miongoni mwake zilikuwamo Junkers Ju 52, ndege za kubebea abiria na mizigo, na askari walisimama milangoni mwake wakimwaga mabomu ya moto kwa sepeto.

Moto wa Warsaw haukuwa na wa kuuzima. Mitambo ya maji ilikuwa imepigwa, mabomba yamekauka, na watu wakabaki kutazama nyumba zikiteketea mtaa baada ya mtaa. Mji ulisalimu amri Septemba 28. Inakadiriwa kwamba raia kati ya 20,000 na 25,000 waliuawa katika wiki hizo za kuzingirwa.

Walioishia Kondoa, hata hivyo, wengi hawakuwa wenyeji wa Warsaw. Walitoka vijiji na miji midogo ya mashariki. Wakati mji mkuu ukiungua, Septemba 17, jeshi la Kisovieti liliingia Poland kutoka upande wa pili, na nchi ikagawanywa. Kuanzia Februari 1940 familia nyingi za mashariki ziliamshwa usiku, zikapewa muda mfupi wa kufunga mizigo, zikapakiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan kukata miti na kulima mashamba ya serikali. Wengi walikufa kwa njaa na baridi. Kilichowaokoa waliobaki ni Hitler kumgeuka Stalin mwezi Juni 1941. Mwezi uliofuata serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London ilitiliana saini na Moscow, na wafungwa wakafunguliwa.

Jenerali Władysław Anders akaunda jeshi kutokana na watu hao waliobaki mifupa mitupu. Mwaka 1942 zaidi ya watu 110,000, askari na raia, walivuka Bahari ya Kaspi hadi Iran. Askari walielekea vitani. Wake, wajane, wazee na mayatima ndio waliotafutiwa pa kuwekwa, na Waingereza wakaelekeza macho kwenye makoloni yao. Karibu 18,000 waliletwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Tanganyika iliwapokea Tengeru, ambako kambi ilifikia watu wapatao 5,000, na pia Ifunda, Kidugala, Morogoro na Kondoa. Kondoa ilipata mamia tu.

Kondoa haina reli. Aliyetoka bandarini alipanda treni ya reli ya kati mpaka Dodoma, kisha lori likamfikisha kwa barabara ya vumbi ya kilomita 160 hivi, kupitia mbuga na miinuko ambayo mtu wa misitu ya theluji hajapata kuota.

Na wenyeji waliowatazama wakishuka hawakuwa wageni wa vita. Mwezi Mei 1916 Kondoa yenyewe ilipigwa makombora. Kikosi cha Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini kilikuwa kimeuteka mji Aprili, na kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akaja kuukomboa akiwa na mzinga wa manowari Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915 kwa msaada wa ndege zilizorushwa kutoka Mafia. Mzinga wa baharini ulinguruma katika vilima vya Irangi. Majeshi yote mawili yalikula nafaka na ng'ombe wa wananchi na kuchukua wanaume kuwa wapagazi, na mvua ilipokosekana, nchi jirani ya Ugogo ikaingiwa na njaa iitwayo Mtunya. Inakadiriwa kuwa Wagogo 30,000 kati ya 150,000 walikufa katika miaka ile. Mwanamke wa Kondoa aliyekuwa na umri wa miaka 40 alipomwona mkimbizi wa Kipolandi na watoto wake, alijua mwenyewe njaa ya vita ilivyo. Hili ndilo linalonigusa kuliko yote katika habari hii, nami naona wanahistoria wetu hawajalipa uzito wake.

Watawala walikuwa na hofu nyingine. Ukoloni ulisimama juu ya dhana kwamba Mzungu ni bwana, na sasa walikuwepo Wazungu wasio na kitu, waliovaa nguo za msaada, wanaokula chakula cha mgao. Kwa hiyo wakimbizi waliwekwa kambini, mbali na wenyeji na mbali pia na walowezi. Gharama zao zilihesabiwa juu ya serikali ya Poland kule London. Haya yalitukia wakati ukame wa 1943 ukiwatesa wakulima wa Tanganyika, na vijana wa nchi hii wakiwa katika jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) au wakilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge.

Wakati Wapolandi wakiwa Tanganyika, Warsaw iliangamizwa mara ya pili. Agosti 1, 1944 wananchi wake walishika silaha dhidi ya Wajerumani, wakapigana siku 63. Raia zaidi ya 150,000 waliuawa, na Hitler akaamuru mji ubomolewe nyumba kwa nyumba. Tena vita vilipokwisha, mashariki mwa Poland, walikotoka wengi wa watu hawa, pakabaki mikononi mwa Wasovieti. Marubani wa Kipolandi wa kikosi cha 303 walikuwa wameitetea anga ya London mwaka 1940 kwa ushujaa uliosifiwa na kila mtu, lakini walipokaa mezani wakubwa, makwao pakatolewa. Wakimbizi hawakuwa na pa kurudi.

Kambi ndogo zilifungwa, watu wakahamishiwa Tengeru, na kuanzia 1948 wengi walisafiri kwenda Uingereza, Kanada na Australia. Tengeru makaburi yao yanatunzwa na wageni huja kuyatazama. Kondoa haikupata bahati hiyo, ingawa iko njiani kwa kila anayetoka Dodoma kwenda kutazama michoro ya miambani ya Kolo. Mtoto wa Kirangi aliyekuwa na miaka 8 mwaka 1944 sasa ana miaka ipatayo 90. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko umbali wa saa chache kwa gari, kina wanafunzi wa historia wanaotafuta mada kila mwaka, na mada hii inawasubiri: waende na kinasa sauti kwa wazee wa Kondoa, wawaulize kambi ilikuwa wapi, nani aliwauzia Wapolandi mayai na maziwa, na walizungumza lugha gani.