Mmehamia Mabogini? Hivi ndivyo mke na mume wanavyopata bima ya afya

Mabogini haikosi wageni. Tangu mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ukamilike mwaka 1987 kwa msaada wa Japan, mashamba ya mpunga ya Mabogini, Chekereni, Rau ya Kati na Oria yamekuwa yakivuta watu kutoka kila kona. Kuna wanaokuja kukodi ploti na kuna wanaofuata vibarua vya kupandikiza na kuvuna. Jirani, Arusha Chini, kuna miwa, na miwa nayo inaleta watu wake. Wengine wanavuka kutoka Taveta, Kenya, wakiwa wameolewa au wameoa upande huu.

Wengi wanafika wawili: mke na mume, begi, godoro na hela ya kodi ya miezi michache. Bima ya afya haimo kwenye hesabu. Inakuja kukumbukwa siku mmoja anapopandisha homa usiku na pesa yote imeshazama kwenye mbolea.

Kwa ufupi

- Bima huanzia kwenye ofisi ya kijiji. Hospitali unakwenda ukiwa tayari na kadi.
- Karatasi nne zinabeba kazi kubwa: namba ya NIDA, barua ya utambulisho, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.
- Kama mmoja wenu sio raia, kwanza aweke sawa kibali chake cha ukaaji.
- Bei na vifurushi vinabadilika kwa sababu ya sheria mpya. Usilipe kwa bei uliyosikia mwaka jana.

Kwa nini usisubiri uumwe

Maji yanayolisha mpunga yanalisha na mbu. Malaria ni ugonjwa unaojulikana kwenye ukanda huu wa tambarare kuliko kule juu mlimani, na kusimama kwenye maji ya mifereji kunaleta hatari ya kichocho. Mtu aliyetoka sehemu yenye baridi au ukame anaingia kwenye mazingira ambayo mwili wake haujayazoea.

Halafu kuna suala la pesa. Mkulima wa mpunga hapati mshahara wa mwezi. Anatoa pesa mwanzoni kwa kukodi ploti, kulima, mbegu na mbolea, kisha anasubiri mavuno. Ugonjwa ukiingia katikati, njia ya haraka ni kukopa au kuuza mpunga ukiwa bado shambani kwa bei ya mnunuzi. Msimu mzima unaweza kuishia hapo. Wenyeji wana ndugu wa kuwachangia. Mgeni wa miezi mitatu hana mtu wa kumgongea mlango.

Sababu ya tatu ni utaratibu wa bima yenyewe. Bima za hiari mara nyingi zina muda wa kusubiri kabla ya huduma fulani kuanza, hasa uzazi na upasuaji. Zimewekwa hivyo kwa sababu watu wakijiunga wakiwa tayari wagonjwa, mfuko unalipa kuliko unavyoingiza. Mfano ni Toto Afya Kadi, iliyokuwa ikiuzwa Sh50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulisitisha kumwandikisha mtoto mmoja mmoja, ukieleza kuwa wengi walikuwa wakiletwa wakishaanza kuumwa. Wazazi wengi walilalamika sana.

Kuna bima za aina gani?

*NHIF kupitia ajira.* Mfuko huu uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Mwajiriwa anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 3. Kadi inamhusu mchangiaji, mwenzi wake na wategemezi hadi wanne, yaani watu 6 kwa jumla. Mmoja wenu akiwa mwalimu, muuguzi au mwajiriwa mwingine mwenye mkataba, hii ndiyo njia fupi: mwenzi anaongezwa kwenye kadi hiyo hiyo. Kama nyote mna ajira, kila mmoja anakatwa kwake.

*CHF iliyoboreshwa.* Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga, Tabora, mwaka 1996. Mwaka 2018 ulifanyiwa marekebisho, na mchango ukawa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi 6 nje ya Dar es Salaam. Bima hii ndiyo wakulima wengi wa vijijini wanaifahamu. Huduma zake zinaanzia zahanati na kupanda kwa rufaa hadi hospitali ya rufaa ya mkoa.

*Vifurushi vya hiari vya NHIF.* Hivi ni kwa asiye na mwajiri. Bei inategemea umri, idadi ya watu na aina ya kifurushi. Ni ghali kuliko CHF, lakini vinafungua milango ya hospitali nyingi zaidi.

*Bima binafsi.* Zipo kampuni kadhaa. Kabla ya kutoa hela, hakikisha kampuni na wakala wake wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA).

Sheria mpya inabadilisha nini?

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Inalenga kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na inamtaka mwajiri amwandikishe mfanyakazi wake. Kwa sekta isiyo rasmi, kipimo kinabaki kuwa kaya. Kwa wasio na uwezo, umeandaliwa mfuko wa kuwalipia, unaopata fedha kutoka vyanzo kama ushuru wa soda, pombe na vipodozi.

Sheria hiyo inaingia kwa hatua. Kwa hiyo majina ya vifurushi na viwango vya mchango mtakavyokuta ofisini vinaweza kuwa tofauti na vile jirani alivyolipa. Ulizeni mambo matatu kabla ya kulipa: mchango ni kiasi gani kwa kaya ya watu wangapi, kadi inaanza kufanya kazi lini, na inafika hospitali gani.

Hatua kwa hatua

1. Jitambulisheni kijijini. Anzeni kwa balozi au mwenyekiti wa kitongoji, kisha Afisa Mtendaji wa Kijiji. Lengo ni kuingia kwenye daftari la wakazi. Kama mnaweza, njooni na barua ya utambulisho kutoka kijiji mlichotoka. Msipokuwa nayo, mwenye nyumba au mwenye shamba awasindikize. Hatua hii inachukua asubuhi moja tu, lakini wasiopitia hapa ndio wanaozungushwa baadaye kwa sababu hakuna ofisi inayoweza kusema inawajua.

2. Hakikisheni namba za NIDA. Namba ina tarakimu 20, na mtu anaweza kuitumia hata kabla kadi yenyewe haijatoka. Angalieni mapema kama jina la kwenye NIDA linafanana na la kwenye cheti cha ndoa. Herufi moja ikitofautiana, au mke akiwa ameandikwa kwa jina la baba sehemu moja na la mume sehemu nyingine, mnaweza kurudishwa nyumbani.

3. Tafuteni cheti cha ndoa. Hapa ndipo wengi wanakwama. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawaona kama mke na mume, inaweza kudhaniwa kuwa wameoana. Lakini dhana hiyo ni ya mahakamani. Kwenye dirisha la bima wanataka karatasi. Kama ndoa ilifungwa kanisani au msikitini na cheti kimepotea au kimeachwa kwenu, kifuatilieni sasa. Kama ni ya kimila na haijasajiliwa, ulizeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya au RITA namna ya kuisajili.

4. Andikisheni watoto wote kwa pamoja. Kila mtoto na cheti chake cha kuzaliwa. Mtoto aliyeachwa kwa bibi mkoani naye ni mtegemezi, kwa hiyo amueni mapema kama ataingia kwenye hesabu ya watu 6. Kuja kumwongeza baadaye kunaweza kuwa na masharti yake.

5. Lipeni kwa namba ya malipo, sio mkononi. Malipo ya serikali yanakwenda kwa kumbukumbu namba (control number), hata kwa simu. Mtu akiwaambia mtumieni kwenye namba yake binafsi ili awaharakishie, simameni hapo hapo. Tunzeni ujumbe wa malipo mpaka mpate kadi na ifanye kazi.

Mmoja wenu akiwa sio raia

Hili si jambo geni Moshi. Kutoka mjini hadi mpaka wa Holili ni safari fupi, na ndoa za kuvuka mpaka zipo tangu zamani. Lakini undugu hauondoi uhamiaji.

Mwenzi wa kigeni anahitaji hadhi halali ya kuishi nchini. Aliyeoa au kuolewa na raia, au aliyemfuata mwenzi mwenye kibali, huomba hati ya mtegemezi Idara ya Uhamiaji. Anayekuja kwa biashara au uwekezaji wake huomba kibali cha ukaaji Daraja A, mwenye ajira Daraja B ambalo linaambatana na kibali cha kazi, na Daraja C ni kwa makundi kama wanafunzi, watafiti na watu wa kujitolea. Akishakuwa mkazi halali, NIDA ina kitambulisho cha aina yake: sheria ya vitambulisho inatambua raia, mgeni mkaazi na mkimbizi.

Kuishi kwa kugonga muhuri wa matembezi mpakani kila unapoisha ni njia inayokuja kuuma baadaye. Kwenye maandishi unabaki mtalii hata kama una watoto wawili na ploti ya mpunga.

Mkenya asitegemee pia kadi ya kwao. Tangu Oktoba 1, 2024 Kenya imeachana na NHIF yake na kuingia kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii, maarufu kama SHA. Mchango wa SHA haulipii dawa kwenye zahanati ya kijiji Mabogini. Na wanaokwenda upande ule nao wana sharti lao: sheria ya Kenya inamtaka mgeni atakayekaa chini ya miezi 12 awe na bima ya safari. Zanzibar nayo, tangu Oktoba 1, 2024, inamtoza mgeni kutoka nje ya nchi bima ya Dola 44 za Marekani anapoingia. Bima hiyo ni ya safari tu. Ikiisha muda, anayeishi nchini anahitaji bima ya mkazi.

Kadi inafika wapi?

Moshi ina hospitali kubwa mbili zinazotajwa sana, na ngazi zake ni tofauti. Mawenzi ni hospitali ya rufaa ya mkoa. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya rufaa ya kanda. Mwenye CHF iliyoboreshwa anaishia ngazi ya mkoa, kwa hiyo akiandikiwa kwenda KCMC gharama inaweza kumrudia. Mwenye NHIF anapita, ila naye afuate rufaa isipokuwa kwa dharura.

Utaratibu ni huu: zahanati kwanza, kisha kituo cha afya, hospitali ya wilaya, halafu mkoa. Ukiruka ngazi bila barua ya rufaa, unaweza kutakiwa kulipa taslimu hata kama kadi iko mfukoni.

Na kama hela haipo kabisa?

Sera ya afya ya mwaka 2007 inasema mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 wapate huduma bila malipo kwenye vituo vya umma. Wamo pia wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na Ukimwi kwa matibabu ya magonjwa hayo. Mjamzito aliyehamia jana ana haki sawa na mwenyeji. Asisubiri bima ndipo aanze kliniki.

Kaya isiyo na uwezo kabisa ianzie serikali ya kijiji ili ipate barua, na ikifika hospitalini imuone afisa ustawi wa jamii. Hapa tena inarudi ile hatua ya kwanza: mtendaji hawezi kumwandikia barua mtu ambaye hajawahi kumuona.

Lini ni wakati mzuri?

Siku ya kuuza mpunga. Siku hiyo pesa ipo, madeni bado hayajaimaliza, na wote wawili mnajua kilichopatikana. Toeni mchango wa bima kabla ya simu mpya, kabla ya kodi ya ploti inayofuata. Andikeni tarehe ya kadi kuisha ukutani. Mwaka wa bima na msimu wa mpunga havifuatani kila mara, na kadi ikiisha wakati shamba bado bichi, mtajikuta mmerudi pale pale mlipokuwa siku mliposhuka na begi na godoro.