Miwani Inayorudi Kiwandani

Kioo kikisimamishwa mshazari hufanya kazi mbili kwa mpigo: hupitisha mwanga wa vitu vilivyo nyuma yake na kuakisi mwanga wa vitu vilivyo pembeni. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1862, katika Royal Polytechnic Institution mjini London, John Henry Pepper aliitumia tabia hiyo kuwasisimua watazamaji. Mwigizaji alifichwa chini ya jukwaa na kumulikwa kwa taa kali. Sura yake ikaakisiwa na kioo kikubwa ambacho watazamaji hawakujua kama kipo, ikaonekana ikitembea kati ya waigizaji wengine kama mzuka. Wazo la kwanza lilikuwa la mhandisi Henry Dircks, ila mzuka huo umebaki na jina la Pepper mpaka leo.

Miwani ya uhalisia ulioboreshwa huweka picha za kompyuta juu ya mandhari halisi, tofauti na ile ya uhalisia pepe inayomfungia mvaaji ndani ya dunia ya kubuni. Imerithi kioo cha Pepper pamoja na kasoro zake. Mzuka ni mwanga mtupu. Hauwezi kuwa mweusi, maana weusi ni ukosefu wa mwanga na kilicho nyuma yake kitapenya tu. Tena taa za ukumbi zikiwashwa hufifia. Jukwaani kasoro hizo zilivumilika, kwa sababu giza la ukumbi liko mikononi mwa mwenye ukumbi. Jua la saa sita mchana haliko mikononi mwa mtu.

Baada ya tamthilia, kioo hicho kilihamia kwenye silaha. Mwaka 1900 Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini wa Dublin, alibuni kioo cha kulengea kilichoonyesha alama ya shabaha ikielea mbali mbele ya mlengaji, ili jicho lisihangaike kati ya bunduki na kinacholengwa. Kufikia 1918 vioo vya namna hiyo vilikuwa kwenye ndege za kivita za Ujerumani, na katika Vita Kuu ya Pili vikawa vya kawaida. Vizazi vilivyofuata vya ndege vilimwekea rubani kioo kinachoonyesha mwendo na kimo mbele ya macho yake, asilazimike kuinamia mishale ya dashibodi. Helikopta ya Apache, iliyoingia katika jeshi la Marekani miaka ya 1980, ilikihamisha kioo hadi kwenye helmeti: kipande kidogo mbele ya jicho la kulia, na bunduki iliyo chini ya helikopta ikigeuka kufuata kichwa cha mvaaji. Jicho moja likitazama alama za kijani na la pili likitazama nje, marubani walilalamika kuumwa kichwa na macho kuchoka. Waliendelea kuivaa. Mwanajeshi haulizwi kama kifaa kinampendeza, na jambo hilo dogo ndilo linalotenganisha historia ya vifaa hivi jeshini na viwandani na historia yake madukani.

Kompyuta iliingia mwaka 1968. Ivan Sutherland na wanafunzi wake, akiwemo Bob Sproull, walitengeneza chombo cha kuvaa kichwani chenye mirija miwili midogo ya picha, ya aina iliyotumiwa na televisheni za wakati huo, na vioo vinavyoakisi nusu ya mwanga na kupitisha nusu. Mvaaji aliona mchemraba wa mistari mitupu ukielea chumbani, na alipozunguka aliuona ubavu wake wa pili. Ili kompyuta ijue kichwa kimeelekea wapi, mkono wa chuma uliteremshwa kutoka darini na kufungwa kwenye chombo. Mkono huo ukaitwa Upanga wa Damocles, kwa hadithi ya Kigiriki ya mtu aliyeketishwa karamuni chini ya upanga unaoning'inia kwa unywele mmoja wa farasi. Picha ilichukua upana wa nyuzi 40 za uoni. Namba hiyo ni ya kukumbukwa, kwa kuwa nusu karne baadaye kampuni tajiri kuliko zote duniani zilikuwa bado zikihangaika kuifikia.

Jina lenyewe lilizaliwa karakanani. Mwaka 1990 Tom Caudell na David Mizell, watafiti wa Boeing, walikuwa wakishughulika na matita ya nyaya. Ndege kubwa ya abiria hubeba nyaya nyingi mno, na kila tita hupangwa kwanza juu ya ubao mkubwa uliochorwa njia ya kila waya, fundi akienda na kurudi kati ya ubao na karatasi za maelekezo. Muundo ukibadilika, ubao nao hauna budi kubadilishwa. Wawili hao walipendekeza ubao mmoja mtupu na miwani ambayo ingemchorea fundi, juu ya ubao huo, njia ya waya unaofuata. Makala yao ya 1992 ndiyo iliyolitangaza jina ambalo Kiswahili kimelifanya uhalisia ulioboreshwa. Tafsiri hiyo ni ya ukarimu kupita kiasi, kwani neno la asili lina maana ya kuongeza, na kilichoongezwa si lazima kiwe kimeboresha.

Mwaka 1997 Ronald Azuma alitoa kipimo ambacho watafiti wanakitumia hadi sasa. Kifaa kitastahili jina hilo endapo kitaunganisha kilicho halisi na kilichobuniwa, kitaitikia papo hapo, na kitaifungamanisha picha na mahali pake katika vipimo vyote vitatu vya nafasi. Sharti la tatu ndilo gumu. Kikombe cha kubuni kilichowekwa juu ya meza ya kweli lazima kibaki mezani mvaaji anapogeuza shingo. Kompyuta ikichelewa hata sehemu ndogo sana ya sekunde, kikombe huteleza hewani, kwa sababu meza inayoonekana kupitia kioo haiisubiri kompyuta. Mwaka huohuo kundi la Steven Feiner katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, lilitembeza nje mtambo ulioandika majina ya majengo ya chuo juu ya majengo yenyewe. Mvaaji alibeba kompyuta mgongoni kama askari aliyebeba shanta.

Hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivyo kilichokusudiwa kuuzwa dukani. Jaribio kubwa la kwanza la kumfikia mteja wa kawaida lilitangazwa Aprili 2012, na Juni ya mwaka huo Google ikarusha watu kwa miavuli juu ya San Francisco huku miwani yao ikionyesha mubashara walichokiona. Google Glass ilianza kuwafikia waliochaguliwa mwaka 2013, kwa dola 1,500. Kwa kipimo cha Azuma haikuwa uhalisia ulioboreshwa hata kidogo: ilikuwa skrini ndogo juu ya jicho la kulia, isiyojua mvaaji anatazama nini. Kilichoiangusha, hata hivyo, hakikuwa skrini. Kilikuwa kamera. Aliyekaa mbele ya mvaaji hakuwa na njia rahisi ya kujua kama anarekodiwa, na baa moja mjini Seattle iliipiga marufuku kabla haijamfikia mnunuzi yeyote. Wavaaji wakabandikwa jina lililounganisha Glass na tusi la Kiingereza. Januari 2015 mauzo kwa umma yalisimamishwa. Hapo mtindo ukaanza kuonekana: mwaka 2017 miwani ileile ilirudi ikiwa toleo la makampuni, na miongoni mwa waliokuwa wameijaribu ni Boeing, kwa mafundi wa matita ya nyaya. Baada ya safari ndefu ya miavuli na matangazo, ilijikuta mbele ya ubao uleule wa Caudell. Toleo hilo nalo lilifungwa Machi 2023.

Mwezi uleule wa Januari 2015 Microsoft ilionyesha HoloLens, na hapa sharti la tatu lilitimizwa kweli. Kifaa kilijitegemea, bila waya wala kompyuta ya pembeni. Kamera zake zilipima kuta na meza za chumba, na picha ikiachwa kwenye kona ilikutwa konani. Mkono wa chuma wa Sutherland ulikuwa umegeuka programu. Lakini kilikuwa na uzito wa gramu 579, kiliuzwa kwa wanaprogramu kwa dola 3,000 kuanzia 2016, na picha zake zilienea kiasi cha nyuzi 30 tu kwa upana. Mvaaji aliyemkaribia farasi wa kubuni aliona shingo, kisha akainamisha kichwa kutafuta miguu.

Ufinyu huo una sababu zake. Katika vifaa vya aina hii mwanga hutiwa kwenye ukingo wa kioo chembamba, ukadundadunda ndani yake hadi kufikia mbele ya jicho, ndipo ukatoka. Njiani sehemu kubwa hupotea. Anayetaka picha pana na yenye kung'aa mbele ya jua sharti atie mwanga mwingi zaidi, na mwanga hula betri na kuzaa joto. Betri ikiongezwa huongeza uzito, na miwani ya kawaida, ambayo pua na masikio ya binadamu yameizoea, ina gramu 20 hadi 40 tu. Kila tatizo limeshikana na jingine kama pete za mnyororo. Juu ya hayo kuna macho yenyewe. Lenzi za HoloLens zilimlazimisha mvaaji kukaza uoni kwenye umbali wa takriban mita 2, wakati macho mawili yalipaswa kukutania pale picha ilipodaiwa kuwa. Picha ikisogezwa karibu na pua, maagizo hayo mawili hupingana na macho huchoka. Microsoft iliwashauri wanaprogramu waziweke picha kati ya mita 1.25 na 5, yaani nje ya upeo wa mkono, mahali ambapo watu hufanya kazi zao nyingi.

HoloLens 2 ya mwaka 2019 ilipanua uoni hadi nyuzi 43 hivi na kupanda bei hadi dola 3,500, ikitangazwa waziwazi kuwa ni ya makampuni. Mwaka 2021 jeshi la Marekani liliingia mkataba wa hadi dola bilioni 21.9 kwa miaka 10 ili toleo lake livaliwe na askari. Taarifa za majaribio ya 2022 zilitaja maumivu ya kichwa, kichefuchefu na macho kuuma, malalamiko ambayo marubani wa Apache wangeyatambua. Utengenezaji wa HoloLens 2 ulisitishwa 2024, na mwaka uliofuata mradi wa jeshi ukahamishiwa kampuni ya Anduril.

Kisa cha Magic Leap ni kifupi zaidi na cha gharama kubwa. Kampuni hiyo ya Florida, iliyoanzishwa 2010, ilichangisha zaidi ya dola bilioni 2, ikiwavutia watu kwa video ya nyangumi anayechomoka sakafuni mwa ukumbi wa michezo, video iliyotengenezwa kwa ustadi wa filamu na si kwa miwani. Kifaa chenyewe kilitoka Agosti 2018 kwa dola 2,295. Mwaka 2020 wafanyakazi wengi walipunguzwa na kampuni ikageukia hospitali na viwanda.

Wakati huo umma ulikuwa umeshaipata teknolojia hii kwa njia nyingine. Julai 2016 mchezo wa Pokémon Go ulitoa mamilioni ya watu majumbani wakitafuta viumbe wa kubuni mitaani kupitia kamera ya simu. Apple na Google zikatoa zana za kuwawezesha wanaprogramu wa simu, 2017 na 2018. Simu ilikuwa imeshanunuliwa, haikukaa puani, na ikirejeshwa mfukoni ilinyamaza.

Apple ilikwepa mzuka wa Pepper kwa kuuziba mlango. Vision Pro, iliyoanza kuuzwa Marekani Februari 2024 kwa dola 3,499, haina kioo cha kupenya. Kamera huurekodi ulimwengu wa nje, na mvaaji huuona kwenye skrini mbili ukiwa umeshachanganywa na picha za kompyuta. Hapo weusi unawezekana, na ulimwengu unaweza kucheleweshwa kidogo ukaenda sambamba na kompyuta. Gharama ikahamia kichwani: toleo hilo la 2024 lilikuwa na gramu 600 hadi 650, na betri ya kuning'inia pembeni iliyodumu kama saa mbili. Ni chombo cha kuvaliwa mtu akiwa ameketi, na hakuna anayekwenda nacho sokoni.

Kilichouzika ni kile kilichoacha picha kabisa. Miwani ya Ray-Ban Meta ya Oktoba 2023, iliyoanza kuuzwa kwa dola 299, ina kamera, spika na maikrofoni ndani ya fremu ya kawaida, bila skrini. Mapema 2025 mtengenezaji wa fremu hizo, EssilorLuxottica, alitangaza kwamba zaidi ya milioni 2 zimeuzwa. Kamera iliyowafukuza wavaaji wa Glass ilikuwa imekubalika, ikiwa na taa ndogo ya kuonya na sura ambayo watu waliijua tangu zamani. Septemba 2024 kampuni ya Meta ilionyesha pia Orion, miwani ya gramu 98 yenye uoni wa nyuzi 70 hivi, ila haikuitoa sokoni kwa kuwa kuitengeneza kulikuwa na gharama kubwa mno.

Iliyofika dukani, Septemba 2025 kwa dola 799, ni Meta Ray-Ban Display. Ina gramu 69 na huongozwa kwa mkanda wa mkononi unaosoma misuli. Uoni wa skrini yake ni nyuzi 20 hivi, nusu ya zile za Sutherland. Maandishi yake hayashikamani na ukuta wala meza, humfuata mvaaji kokote ageukiako, kwa hiyo sharti la tatu la Azuma halijatimizwa. Inaonekana kwa jicho moja tu, la kulia, kama la rubani wa Apache.